Maneno ya Nyanya Ambayo Sikuwaambia Wageni

Masika mwanangu,

Nyanya yako hajamsamehe tembo aliyemuua mama yako. Mimi ndiye niliyewaambia wageni kwamba amesamehe, na nilijua ninachofanya. Sehemu hiyo ya mwisho sijamwambia mtu yeyote kabla yako.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Kasese kuanza senia wani, mwaka wa kwanza wa sekondari. Mambo ya sabuni, ya kufua sare na ya kutomwazima mtu godoro lako Nyanya amekwambia wiki nzima, nami sina la kuongeza. Nina miaka kumi na saba, bado ni mwanafunzi, na watu wakisikia unaniita mama wanacheka. Lakini mdogo wa mama yako ni mama yako, kwetu hakuna mjadala juu ya hilo, na tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu mimi ndiye ninayekunyoa nywele na kutia saini ripoti zako za shule. Kwa hiyo naandika kama mama. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichokuja nacho kutoka kambi za jeshi. Lhukonzo, lugha yetu, umeshaijua, lakini ukikasirika bado unarudi kwenye Kiswahili, na nadhani ukisoma barua hii utakasirika.

Ulikuwa na miaka minane mlipokuja. Baba yako, aliye jeshini, alikuwa amehamishwa tena, na mama yako alichoka kufunga mizigo kila mwaka. Nyanya akampa shamba la chini, lile linalopakana na mbuga. Siku yenyewe unaijua, sitaieleza upya: asubuhi, mahindi, mama yako akipiga debe kufukuza wanyama, tembo jike mwenye mtoto. Ninachotaka ukijue ni habari ya mtaro. Watu wa kijiji walichimba mtaro kwenye mpaka wa mbuga, mrefu na wenye kina, kwa sababu tembo haruki. Lakini mtaro ukiachwa hujaa. Mvua inaangusha kingo, ng'ombe wanapita palepale, na baada ya misimu michache pamekuwa njia. Chini ya shamba letu ulikuwa umejaa. Tembo yule hakuvunja kitu wala kulazimisha. Alipita akitembea tu.

Mwaka wa pili baada ya msiba, Afande Ojok alikuja nyumbani kunitafuta. Wewe unamwona kama babu wa jirani, lakini wakati ule mimi nilimwogopa. Alistaafu jeshi, akaoa hapa, akawa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kupokea wageni: wale wanaotoka kuangalia wanyama, wakaja kijijini kuona kina mama wanavyosonga bundu, ugali wa muhogo, na kusuka vikapu, kisha wakapelekwa kwenye njia ya juu kuwatazama tembo kwa mbali.

«Wewe mutoto ya kitabu,» aliniambia, «kuja hapa. Wageni nafika saa ine. Ile musichana ya kutafsiri iko na malaria. Wewe najua Kizungu?»

«Kidogo, Afande.»

«Kidogo ya darasani ama kidogo ya uoga?»

Nikarudi hatua moja nyuma.

«Basi ni ya uoga. Hapana neno. Simama wima, sema kwa sauti. Hawa watu hapana kula mutu.» Alipokwisha kunigeuzia mgongo akakumbuka jambo. «Na usilete mambo ya matanga. Watu nakuja kupumzika.»

Walikuja wageni sita, dereva wao kutoka Kampala, na askari mmoja wa wanyama, kijana wa mashariki ambaye hakuwa na mwezi tangu aletwe huku. Mgeni mmoja, mama wa nywele nyeupe anayeitwa Ingrid, akaketi kwenye mkeka karibu na Nyanya. Aliniomba nimuulize anawaonaje tembo.

Unajua jinsi Nyanya anavyozungumza nawe, kile Kiswahili cha soko la Mpondwe alikojifunza akiuza mihogo kwa Wakongo. Siku ile hakukitumia. Baadaye aliniambia kwamba kifo cha mtoto hakisemwi kwa lugha ya kupatana bei. Alijibu kwa Lhukonzo, polepole, akimtazama Ingrid na si mimi. Alisema hivi:

«Mnyama yule alimuua binti yangu wa kwanza, na sijamsamehe. Siombi auawe. Naomba mtaro uchimbwe tena pale alipopita, kwa sababu wenzake bado wanapita hapo. Ninyi mnalipa ili mumwone. Basi anayepokea malipo kwa ajili yake aje pia na jembe.»

Tazama waliokuwa pale. Wageni hawakujua Lhukonzo. Dereva hakuijua, wala askari wa wanyama. Afande anajua ya salamu tu. Kina mama wa kikundi waliielewa vizuri, lakini Kiingereza hawakijui. Mtu mwenye lugha zote mbili nilikuwa mimi peke yangu, na wote walikuwa wamenigeukia.

Nilikuwa na sentensi tayari. Muhula uliotangulia tuliandika insha juu ya wanyamapori, na mwalimu akaisoma yangu mbele ya darasa. Ndani yake niliandika kwamba wanyama ni urithi wetu. Kwa hiyo nilisema, kwa Kiingereza kizuri, kwamba mama yangu anasema wanyama ni urithi wetu, na kwamba ingawa tulimpoteza mtu, tumesamehe.

Ingrid akauliza, «Ni hayo tu? Ameongea kirefu.»

«Ni hayo tu,» nikasema.

Akafuta macho. Afande, nyuma yao, aliniinulia kidole gumba.

Nyanya akaniuliza, «Umewaambia habari ya mtaro?»

«Nimewaambia.»

«Wanasemaje?»

«Wanasikitika.»

Jibu hilo la mwisho lilikuwa kweli, na kwa muda mrefu nilijishikiza kwalo.

Nimejaribu kukumbuka kama niliona aibu. Sikuona. Ilikuwa mara ya kwanza watu wengi kunitazama nami nisitetemeke. Darasani nikiinua mkono maneno yanakwama hata kama jibu ninalijua. Pale kwenye mkeka maneno yalitoka bila kukwama, kwa sababu hayakuwa ya mtu yeyote. Maneno ya Nyanya yalikuwa mazito, na ningeyasema ningelazimika kusimama kando yake nikiwaangalia wale watu usoni mpaka yaishe. Niliyachagua yale yaliyokwisha upesi. Siku hizi nikisikia mtu anasema kwamba kuona haya ni tabia njema ya wasichana, huwa nanyamaza, kwa sababu najua haya yangu ilifanya nini.

Wageni waliendelea kuja. Yule msichana wa malaria alipona, akaolewa Ibanda, kazi ikabaki kwangu kila likizo. Nyanya naye akawa sehemu ya matembezi. Kila mara alisema maneno yaleyale na kuongeza kidogo: mahali mtaro ulipojaa, idadi ya hatua, mti ulio karibu. Nami kila mara yangu yalizidi kupendeza. Niliongeza habari ya watoto wetu watakaowaona tembo. Nilikuwa nikikufikiria wewe, ambaye unapanda kwenye kichuguu kuwatazama na kuwachora nyuma ya daftari la hesabu. Kwa hiyo hata hapo sikudanganya moja kwa moja. Utagundua, kama bado hujagundua, kwamba ni rahisi kupata kipande cha ukweli cha kuweka juu.

Kisha ikatokea jambo ambalo sikulitarajia. Majirani walikuwa wamekubaliana kwenda ofisi ya kaunti ndogo kudai mtaro ufukuliwe. Nyanya akawazuia. «Ngojeni kwanza,» aliwaambia. «Wageni nimeshawaambia, na askari wa wanyama alikuwepo akisikia. Tukienda kupiga kelele tutaonekana hatuna subira.» Walimwamini, kwa sababu yeye ndiye aliyefiwa. Nilikuwa nimekaa palepale nikichambua maharage. Wakangoja. Misimu miwili ikapita, nayo kingo zikazidi kuanguka.

Mahindi ya mara hii yalipokomaa, tembo waliingia kwa Mama Kule. Hujasahau, najua, kwamba siku ya maziko yeye ndiye aliyekubeba mgongoni mchana kutwa ingawa ulikuwa mkubwa. Walimaliza mahindi, wakang'oa karanga. Hakuna aliyeumia. Asubuhi alikuja uani kwetu, akasimama karibu na njia, akasema kwa Kiswahili cha mpakani ili hata wapita njia wasikie:

«Mama Biira, muzungu yako iko wapi?»

«Niliwaambia,» Nyanya akasema.

«Uliambia nani? Beko wapi sasa? Uliambia kuku?»

Watu wakacheka. Hata kijana wa boda aliyekuwa anapita alipunguza mwendo ili acheke vizuri. Nyanya hakujibu. Aliingia ndani, na siku ile hakutoka hata kwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, ambayo hakuwa amewahi kuyakosa. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti na kitabu cha biolojia mapajani. Ningeweza kusema palepale. Mama Kule angenitukana, watu wangenicheka mimi, na jambo lingeisha. Niligeuza ukurasa.

Hayo ni makosa matatu, la mkekani, la kwenye maharage na la kizingitini, na la tatu ndilo ninalolirudia kichwani zaidi. La kwanza nilikuwa na miaka kumi na mitano na watu wakinitazama. La tatu hakuna aliyekuwa akinitazama.

Baada ya hapo ndipo ilipofika barua ya Ingrid kwa Afande. Aliandika kwamba anataka kukusomesha Kasese, kwa sababu hawezi kuisahau familia ile iliyofiwa na ikasamehe. Aliomba jambo moja: kwamba akija likizo na rafiki zake, wewe mwenyewe uwasimulie. Afande alifurahi mpaka akanipigia saluti. «Fundisha yeye,» alisema. «Ile ile yako. Mutoto akisema, itaingia zaidi.»

Nikakufundisha. Siku tatu, nyuma ya jiko. Unakumbuka ya tatu?

«Mama mudogo, Nyanya alisamehe lini?»

«Sema tu kama nilivyokufundisha.»

«Lakini mimi nasikia yeye anatukana tembo kila siku. Hata jana alisema iko na kichwa kama nyumba na akili kama kifungo.»

«Masika, sema tu.»

Ukasema. Ulisema vizuri kuliko mimi, ukaweka na mkono kifuani, jambo ambalo sikukufundisha. Nikasikia sentensi yangu ikitoka kinywani mwako bila kutetemeka. Nilikwambia inatosha, nenda kacheze. Ulidhani nimekasirika kwa sababu ulikosea neno. Hukukosea.

Jumatano nilimwambia Nyanya. Alikuwa akimenya mihogo. Nilisema yote kwa mfululizo, nikitazama kisu chake.

«Sasa wewe uliwaambia nini?» akauliza.

Nikamtafsiria sentensi yangu kwa Lhukonzo. Kwa Kiingereza ilikuwa nzuri. Kwa lugha yetu ilisikika kama tangazo la redio.

«Urithi wa nani?» akauliza.

Alimenya mhogo mzima, akachukua wa pili. Kisha akasema, «Labda Kizungu kilikuwa kigumu. Ulikuwa mdogo.»

Alinionyesha pa kutokea, nami nikatokea hapo. Ndiyo maana nimeianza barua hii kwa kusema nilijua ninachofanya: Kiingereza hakikuwa kigumu. Kwako nimeweza kusema. Kwake bado.

«Lete kalamu,» akasema.

Nikaandika kwa Lhukonzo kila alichosema, kisha nikakigeuza Kiingereza, kisha nikamsomea tena kwa Lhukonzo kutoka kwenye Kiingereza, ili asikie kama ni yake. Alinisahihisha mara nne. Yalikuwa maneno yale ya siku ya kwanza, na mapya machache. Alisema hana neno baya na Ingrid. Alisema wageni waendelee kuja, kwa sababu vikapu vinanunuliwa na kina mama wamepata pa kukaa pamoja. Alisema haoni kwa nini mtu achague kati ya mgeni na mtaro. Na alisema mtoto hakujua lolote, kwa hiyo mtoto asiulizwe.

Hilo ndilo ambalo sikulijua miaka yote miwili. Nilidhani nikisema maneno yake wageni wataondoka na kikundi kitakufa. Nilidhani kuna maneno mawili tu, lake la hasira na langu la amani. Sikuwahi kumsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu akiwa katikati mimi tayari nilikuwa napanga Kiingereza changu.

Alhamisi nilimpelekea Afande karatasi hiyo ili amtumie Ingrid. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

«Wewe nataka kuua kikundi?»

«Hapana, Afande.»

«Huyu mama akisoma hii, mutoto narudi nyumbani. Muhula ya kwanza amelipa. Ya pili hapana. Unaelewa?»

«Naelewa.»

«Na bado unataka?»

Nikaitikia kwa kichwa.

Akanitazama sana. «Mtaro kweli imejaa?»

«Twende uone, Afande.»

Miaka yote amewapeleka wageni njia ya juu, na hakuwahi kushuka pale. Alishuka na fimbo yake, akaingia mtaroni. Kingo zilimfikia kwenye muundi wa mguu. Katikati kulikuwa na mavi ya tembo, ya siku ileile.

«Hii hapana mtaro,» akasema. «Hii ni barabara.»

Wakati tunapanda kurudi alisimama kupumzika mara mbili, na mara ya pili akasema, bila kunitazama, «Miaka mbili nasimama karibu na mama yako, hata siku moja mimi hapana uliza yeye nasema nini.» Kisha akanirudishia karatasi. «Mimi situmi. Wewe iliharibu, wewe itatuma.»

Basi ujue unakwenda ukiwa umesimama juu ya nini. Muhula wa kwanza ni wako, hakuna atakayekutoa. Baada ya hapo sijui. Inawezekana Ingrid akaendelea, inawezekana akanyamaza, na akinyamaza utarudi kusoma Bwera nami, na lawama itakuwa yangu, si ya Nyanya. Nimeliwaza sana hili. Ningeweza kungoja mpaka umalize miaka yote sita kisha niseme ukweli bila hasara. Lakini kila likizo ungesimama mbele ya wageni ukiweka mkono kifuani, na kufikia mwaka wa sita usingejua tena kama sentensi ile ni yangu au yako.

Shuleni watajua haraka kwamba wewe ni yule ambaye mama yake aliuawa na tembo. Kuna watakaokuhurumia na kuna watakaokutungia jina. Simulia ukitaka, usisimulie usipotaka. Na usifikiri kwamba ili kumheshimu mama yako ni lazima uwachukie wanyama wale. Nimekuona kwenye kichuguu. Nyanya naye amekuona, akapita kimya. Anachokitaka yeye ni mtaro, na chuki yake ni yake. Wewe tafuta yako, au usitafute kabisa.

Siku moja mtu atakuomba umsemee mwingine. Itatokea, kwa sababu unajua lugha tatu na una sauti. Sijui nikushauri nini zaidi ya hiki: msikilize mpaka anyamaze ndipo uanze kutafuta maneno. Ukikosa neno, sema umelikosa. Watu wanangoja. Mimi nilidhani hawangoji.

Nilichofanya ni hiki. Ijumaa asubuhi, ulipokuwa umekwenda kupimwa sare, mimi na Nyanya tulipanda boda moja mpaka Bwera. Tulikwenda kwenye duka la kompyuta lililo karibu na hospitali. Nilichapa barua kwa vidole viwili, nikaisoma mara mbili. Mwenye duka akauliza kama atume. Nikabonyeza mwenyewe.

«Imekwenda?» Nyanya akauliza.

«Imekwenda.»

«Haraka hivyo?»

Mpaka leo Jumapili hakuna jibu.

Kutoka hapo tulikwenda ofisi ya kaunti ndogo. Karani alikuwa amekwenda kula, tukakaa kwenye benchi karibu saa nzima. Aliporudi nikasimama ili nitafsiri, nikiwa nimepanga sentensi ya kwanza. Lakini alimwamkia Nyanya kwa Lhukonzo, akamvutia kiti, akamwambia aeleze. Hakunihitaji. Nyanya akaanza na mtaro, akaenda kwa Mama Kule, akaja kwa mama yako. Nilirudi kwenye benchi, nikakaa, nikasikiliza mpaka akamaliza.

Mama yako mdogo,
Biira